Siku Sita za Kuifuata Kompyuta ya Kiirua

Mlioniuliza kanisani, na nyinyi mliopiga simu nikiwa bado nafua nguo za safari, nitawajibu wote hapa mara moja. Niliwaambia naenda Meru siku mbili, nikakaa sita. Hapana, sikuugua, na gari halikupinduka kama mmoja wenu alivyosikia. Mambo yalikuwa hivi.

Wengi mnakijua kile chumba nyuma ya shule, hapa Thika, ambamo nimekuwa nikiweka mashine kuukuu tangu nistaafu ufundi wa kompyuta. Wengine mnakiita stoo ya takataka, na sijakasirika. Nilianza kazi wakati kompyuta moja ilijaza chumba kizima na ilihitaji wasichana kumi wa kuitayarishia kadi zake. Leo vijana wanadhani kompyuta zilikuja nchini pamoja na simu zao. Wale waliozitumia mwanzoni wanazeeka na kufa, na watoto wao wanaviuza vile vyuma kwa kilo. Ndiyo maana nikisikia kuna kitu mahali, naenda.

Safari hii nilikuwa nimesikia vitu vitatu. Kulikuwa na kadi Embu na diski kubwa Mitunguu. Kisha, huko mbali Kiirua, kulikuwa na kompyuta ya marehemu Mwalimu Mutwiri, aliyeanza kufundishia watoto kwa kompyuta kabla shule za jirani hazijapata hata taa. Mjane wake, Mama Mwenda, aliniambia kwa simu kwamba mwanawe angebomoa nyumba ya zamani Jumamosi ili ajenge mpya. Kama nilivitaka vitu vya mzee, nifike kabla. Hiyo ilikuwa Jumatatu alfajiri, siku tuliyoondoka. Nikaona muda upo tele.

Thika hadi Embu

Tulikwenda na pikapu ya Njeru. Njeru ni Mwembu, na tulifanya kazi pamoja miaka mingi, yeye dereva, mimi fundi wa kike. Hapendi haraka na hapendi maswali, kwa hiyo tunapatana. Tulifika Embu saa tano asubuhi, tukapanda juu kidogo kwenye mashamba ya chai, nyumbani kwa Mama Wawira.

Mama Wawira alikuwa mpiga kadi. Kwa wasiojua: zamani kompyuta haikuandikiwa kwa vidole moja kwa moja. Mtu aliketi kwenye mashine iliyotoboa matundu madogo kwenye kadi ngumu, kadi moja kwa kila mstari, na kompyuta ikayasoma yale matundu. Mama Wawira alifanya kazi hiyo Nairobi tangu usichana wake hadi mashine zile zilipoondolewa.

Tulikuta meza imetandikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake kadi zimepangwa vizuri sana. Zilikuwa za harusi, za ubatizo, na moja ya kumkaribisha askofu.

"Nimetafuta zote," alisema. "Hata ile ya harusi ya mtoto wa dada yangu, yenye ilikuwa na ua."

Njeru akanitazama. Sikujua nianzie wapi. Nilimshukuru, nikasifu ile yenye ua, kisha nikamuuliza kama alikuwa na kadi za kazini, zile za matundu.

"Aa! Zile!" Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Kwani hizo ndizo zimewatoa Thika? Hizo ni za nyimbo."

Aliingia ndani akarudi na boksi mbili za viatu. Zilikuwa kadi kweli, zaidi ya mia nne, zimenyooka, hazijaliwa na mchwa. Alipoacha kazi alipewa zile zilizokuwa zikitupwa, akaona ni karatasi nzuri. Nyuma ya kila kadi alikuwa ameandika kwa penseli wimbo wa kwaya ya akina mama, kwa Kiembu, ubeti baada ya ubeti. Kwaya nzima ilitegemea boksi zile.

"Mimi nawapa," alisema, "lakini Jumapili tutaimba nini?"

Nilipendekeza nizipige picha kwa simu. Alikataa. Hakuna mama hata mmoja katika kwaya ile, alisema, ambaye angeshika simu mbele ya madhabahu. Basi Njeru alipelekwa sokoni kununua daftari nne kubwa, nasi tukaanza kunakili. Mimi sijui Kiembu, kwa hiyo Njeru aliandika. Lakini maandishi mengine yalikuwa yamefifia, na Mama Wawira hakuweza kukumbuka ubeti bila kuuimba kutoka mwanzo. Akaimba. Alipoimba, jirani alisikia akaja, naye akaleta sauti ya pili. Saa kumi walikuwa wanne.

Tulilala hapo. Tulikula githeri ya mahindi na maharagwe mabichi, na parachichi, na asubuhi uji wa wimbi uliochachuka sawasawa. Jumanne saa nane mchana Njeru aliandika ubeti wa mwisho, akakunja na kukunjua vidole. Mama Wawira alichukua kadi moja, akaigeuza upande wa matundu, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Macho yake yalikwenda kutoka tundu hadi tundu.

"Hii ni yangu," alisema. "Hapa nilikosea, ona. Supavaiza alinigombeza."

Kosa lile nimeliandika kwenye rejista ya chumba. Ni kadi ya sitini na mbili.

Embu hadi Mitunguu

Tulipita Runyenjes na Chuka bila shida, tukashuka Mitunguu giza likiingia. Ukitoka kwenye baridi ya chai ukaingia joto la Mitunguu unahisi kama umefunguliwa mlango wa jikoni. Ni migomba kila upande, na maji ya mifereji yakienda.

Mzee Mugambi alitupokea kwa ndizi za kuchemsha na mbuzi. Hatukuzungumza kazi mpaka asubuhi. Nilikuwa nimeambiwa ana sahani za diski, zile kubwa kama sinia, za madini mepesi yaliyopakwa rangi ya kahawia, ambazo zamani zilihifadhi kumbukumbu za kompyuta. Kakake alikuwa ameziokota ofisi moja ilipohamishwa.

"Ziko hapo," alisema, akaonyesha ghala la mahindi.

Nilitazama ndani ya ghala. Hakuna kitu ila mahindi.

"Si ndani, mama. Chini."

Ghala lake limesimama juu ya nguzo sita, na katika kila nguzo, karibu na sakafu ya ghala, diski moja imevalishwa kupitia lile tundu lake la katikati. Panya akipanda nguzo anafika kwenye diski, anateleza, anaanguka. Mzee Mugambi aliegemea nguzo mojawapo kwa fahari.

"Miaka ishirini sijapoteza gunia. Sasa wewe unataka kuzipeleka wapi?"

Nilimweleza. Nilisema zile ni kumbukumbu, kwamba huenda mle ndani bado kuna maandishi ya kazi za watu, na hata kama yamefutika, watoto wanafaa kuona. Alinisikiliza kwa heshima yote.

"Sawa," alisema. "Lakini panya hajui hiyo historia."

Alikuwa na haki. Kumwondolea mtu kinga ya chakula chake ili niiweke kwenye kabati si jambo la kujivunia. Njeru ndiye aliyesema kwamba fundi wa mabati angeweza kukata sahani nyingine sita za ukubwa uleule. Tukaenda kwa fundi. Akasema zitakuwa tayari baada ya saa moja. Zilikuwa tayari jioni.

Na hazikuweza kuvalishwa bila ghala kuinuliwa. Alhamisi asubuhi walikuja wanaume kumi na mmoja wa kijijini, wakatoa magunia yote, wakaingiza miti, wakanyanyua kona moja baada ya nyingine huku Mzee Mugambi akitoa amri kwa Kimeru na Njeru akiwa amelala chini akivua diski na kuvisha bati. Mimi nilipewa kazi ya kuwafukuza kuku. Kona ya tatu mti mmoja uliteleza. Ghala liliinama, wote wakapiga kelele, na Njeru akatoka chini ya lile ghala kwa kasi ambayo sikujua anayo. Alikaa chini ya mgomba, akanywa maji, kisha akarudi kumaliza.

Diski tano zimechubuka na kupata mikwaruzo kwenye tundu. Ya sita, iliyokuwa upande usiopigwa na jua, ni nzuri kabisa.

Tulikuwa tukifunga mizigo simu ilipolia. Ilikuwa Mama Mwenda.

"Mko wapi?"

Nikamwambia.

"Mafundi wamepata nafasi leo. Wameanza. Paa imetoka."

"Na vile vitu?"

"Vitu gani? Subiri, kuna mtu anavunja kabati langu." Simu ikakatika. Nilipopiga tena haikushikwa.

Mitunguu hadi Githongo

Nilimwomba Njeru aendeshe haraka. Aliendesha kama kawaida. Tulipofika Nkubu mvua ilianza, na barabara ikajaa maji kiasi cha kutoona mbele. Tulikuwa na mwenyeji Githongo, mwalimu mmoja mstaafu niliyefahamiana naye kupitia chumba chetu, na Njeru akakata kona kwenda huko bila kuniuliza. Nilikasirika. Nilimwambia kwamba kule Kiirua mvua inanyesha juu ya nyumba isiyo na paa.

"Tukianguka mtoni," alisema, "itanyesha vilevile."

Sikulala vizuri.

Asubuhi niliamka kukuta watu kumi na tano wamepanga foleni kwenye veranda. Mwenyeji wetu, kwa wema, alikuwa amewaambia majirani kuna fundi wa kompyuta kutoka Thika. Walikuwa na simu zilizokufa, redio mbili, pasi ya umeme na mashine ya kunyolea. Nilimwambia wa kwanza kwamba mimi siku hizi sitengenezi, nahifadhi tu.

"Unahifadhi zikiwa zimeharibika?" aliuliza.

"Ndiyo."

Alifikiri kidogo. "Basi na mimi nimekuwa nikihifadhi hii pasi."

Nilitengeneza nilivyoweza. Ilikuwa vigumu kuondoka kwa nyumba ya watu, baada ya kulala na kula mukimo wao wa viazi vya kuponda, huku nikiwakataa majirani zao. Pasi ilipona. Mashine ya kunyolea haikupona. Tuliondoka saa sita na nusu, tukiwa na debe la kahawa mbichi na kuku mmoja aliyefungwa miguu, ambaye sikuwa na nguvu ya kumkataa.

Githongo hadi Kiirua

Kutoka mjini Meru barabara inapanda, na ukifika Kiirua upepo unakukuta uso kwa uso. Ni nchi ya viazi na ngano, na baridi yake haina utani. Nyumba ya Mwalimu Mutwiri tuliiona kabla ya kuuliza. Kuta mbili zilikuwa zimebaki zimesimama, na mbao zimelowa chapachapa.

Mama Mwenda alitoka jikoni akipangusa mikono. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuongea na watu wa ng'ambo ya bonde.

"Mmechelewa siku moja," alisema. "Ingieni mkule."

"Mama, kompyuta..."

"Kwanza mkule."

Tulikula viazi na kabeji. Sikuhisi ladha yoyote. Mwanawe Mwenda, kijana wa miaka thelathini hivi, aliketi karibu na mlango akitazama mafundi wake nje. Niliona kwamba mama na mwana hawakuzungumza ila kwa lazima. Mama alimpa mwanawe sahani bila kumtazama.

Tulipomaliza, Mama Mwenda alituongoza hadi stoo ya jikoni, akafunua pipa la kuwekea mahindi. Ndani yake, juu ya mahindi, kompyuta ilikuwa imefungwa kwa blanketi, kavu kabisa. Ni ile aina ndogo ya zamani, iliyo yote ndani ya kibodi yake, ya kuunganishwa kwenye televisheni. Padri mmoja mgeni aliiacha shuleni alipokuwa akirudi kwao. Kando yake kulikuwa na mfuko wa kaseti kumi na nne.

Nilikaa chini.

"Hiyo mashine chukua," alisema. "Lakini kaseti hazina kitu. Ziliharibiwa." Na hapo alimtazama mwanawe kwa mara ya kwanza.

"Ziliharibiwaje?"

"Mzee alikuwa anajifungia chumbani anaongea kwa hizo kaseti. Mimi nilimsikia kwa masikio yangu. Alipokufa nikasema, angalau sauti yake iko. Nikaweka moja kwa redio. Ikalia kama nguruwe amebanwa na mlango. Huyu," akaonyesha kwa kidevu, "alikuwa anazichezea. Alifuta baba yake."

"Sikufuta," Mwenda alisema taratibu. Ilionekana ni sentensi aliyoisema mara nyingi.

"Miaka kumi na moja anasema hivyo."

Sasa mimi nilijua kitu ambacho wao hawakujua, na niliogopa kukisema vibaya. Kompyuta zile hazikuwa na mahali pa kuweka kazi. Mtu akiandika programu aliihifadhi kwenye kaseti ya kawaida ya muziki, na programu ikigeuzwa sauti hulia hivyohivyo, kama nguruwe aliyebanwa na mlango.

"Mama Mwenda," nilisema, "ile kelele ndiyo kazi ya Mwalimu. Kaseti haikuharibiwa na mtu. Ndivyo zinavyolia zikiwa nzima."

Alinitazama kama niliyemtukana. "Kwa hiyo alikuwa anaongea na nani?"

Nilitoa kinasa changu cha kaseti, nikasafisha kichwa chake kwa spiriti, nikamwomba Mama Mwenda ile aliyowahi kuicheza; haikuwa na ukungu. Mkanda ulikuwa katikati, pale alipouachia yeye siku ile. Niliurudisha nyuma hadi mwanzo kabisa, nikabonyeza.

Kwanza ilikuwa mvumo mtupu. Kisha mwanamume akakohoa, akasema kwa sauti ya darasani: "Programu ya kujumlisha. Darasa la pili. Jaribio la nne."

Watu wa wakati ule walifanya hivyo. Walitamka jina la programu kabla ya kuihifadhi ili wajue ni ipi. Nami nilifanya hivyo kazini miaka na miaka, na bado sikuwa nimewaza kwamba ningeisikia pale.

Mama Mwenda aliweka mkono mdomoni. Kwenye kaseti, mbali, kama kutoka nje ya mlango, sauti ya mwanamke ikaita: "Baba Mwenda! Chakula kinapoa!"

"Nakuja," ile sauti ya mwanamume ikajibu. Kisha kelele ikaanza, ndefu, kali, na kuku wetu wa Githongo akajibu kutoka kwenye pikapu.

"Na hakukuja," alisema Mama Mwenda. Alikuwa akicheka na machozi yakimshuka. "Hakukuja! Nilikula peke yangu."

Tuliisikiliza mara tano au sita. Mara ya mwisho alimgeukia mwanawe.

"Kwa hiyo hukufuta."

"Nilikuambia, mama."

"Uliniambia."

Mwenda alisimama akasema anaenda kuangalia mafundi, ingawa mafundi walikuwa wamekaa wanakunywa chai. Alikaa nje muda mrefu. Aliporudi alikuwa amebeba gunia la viazi, akalitia kwenye pikapu yetu bila kuulizwa, kisha akaketi karibu na mamake, na mara hii hakuangalia nje.

Kaseti ile nilitakiwa kuichukua. Ndivyo kazi inavyotaka: kitu halisi kikae mahali pakavu, mahali pamoja, kiandikwe. Niliinakili kwenye kompyuta yangu ya kubebeka mara mbili, nikahakikisha, kisha nikamrudishia Mama Mwenda mkononi. Zile nyingine kumi na tatu alinipa zote, pamoja na daftari za mzee.

Kiirua hadi Nyumbani

Tulirudi kwa njia ya Nanyuki Jumamosi. Hakuna la kusimulia, ila kuku alijifungua kamba akataga kwenye blanketi ya Mwalimu.

Wiki iliyofuata nilianza kusoma zile kaseti. Tatu zimekufa kwa ukungu. Kumi zilizobaki zilisomeka, nyingine vipandevipande. Kila moja ina sauti yake mwanzoni, na nimemtumia Mama Mwenda zote kwa simu. Kisha nikawasha ile mashine yenyewe, nikaiunganisha na televisheni ya zamani, nikaipa ile nakala ya programu ya kujumlisha. Ilikataa mara mbili. Ya tatu ikakubali, na maneno yakatokea kwenye skrini kwa Kimeru. Nilimwita Njeru aje anisaidie kusoma, kwa kuwa Kiembu na Kimeru ni majirani.

Inamuuliza mtoto jina. Inampa hesabu. Akipata, inamwita kwa jina na kumpa nyingine. Nilikosea kwa makusudi ili nione. Nikakosea tena, na tena. Mara ya tatu hesabu iliondoka yote, ukabaki mstari mmoja. Njeru aliusoma polepole: "Umechoka, si kosa lako. Enda ukanywe maji, nitakungoja."

Na kweli haiendelei. Inakaa hapo, inangoja, mpaka mtoto abonyeze mwenyewe.

Nilimpigia Mama Mwenda, maana alikuwa ameniomba nimwambie programu ile ilikuwa ya nini hasa hata ikawa muhimu kuliko chakula. Nilimweleza jinsi inavyouliza jina na jinsi inavyotoa hesabu, kisha nikamsomea ule mstari.



"Huyo ni yeye," alisema. "Ngoja nimwite Mwenda, umsomee tena."